Mbega Aliyeshika Nyaya Mbili

Diani, kusini mwa Mombasa, mbega huvuka barabara juu ya vichwa vya watu. Chini hupita matatu, bodaboda na wauza madafu. Juu, katika miti iliyosalia kati ya hoteli na hoteli, kundi la wanyama weusi wenye manyoya marefu meupe mabegani huruka tawi kwa tawi kutafuta majani machanga. Miti ikikatika, njia inayobaki ni waya wa umeme. Waya mmoja hauna neno. Mbega anaweza kuukalia kama kunguru anavyoukalia. Balaa huanza pale mkono unaposhika waya mmoja na mkia au mguu ukagusa wa pili, au nguzo, au tawi bichi. Hapo umeme hupata pa kupita, na pa kupita ni mwili wa mnyama.

Anayeanguka hafi papo hapo kila mara. Mlinzi wa hoteli, mama muuza matunda au mtalii humwona, simu hupigwa, na watu wa Colobus Conservation hufika na blanketi na kreti. Shirika hilo dogo lilianzishwa hapo hapo Diani mwaka 1997, wakati wakazi walipochoka kuona mbega wakigongwa na magari. Kazi ya kwanza ya mwokozi ni nyepesi kusimulia na ngumu kutenda: kumfunika macho, kumweka gizani na kunyamaza. Mnyama wa porini akishikwa na binadamu huona ameshikwa na chui. Swala anaweza kufa saa kadhaa au hata siku kadhaa baada ya kukimbizwa, bila jeraha lolote, kwa sababu hofu na mbio zimeharibu misuli yake. Ndiyo maana wenye uzoefu huwakemea wanaomzunguka majeruhi na simu zao, wanaompapasa, wanaomlazimisha kunywa maziwa. Maziwa ya dukani yamewaua vichanga wengi waliookolewa kwa moyo mwema kabisa.

Kuungua kwa umeme ni jeraha la udanganyifu. Kwa nje huonekana doa dogo kiganjani, pengine na manyoya yaliyojikunja kidogo. Ndani, nyama na mishipa ya damu iliyopitiwa na umeme huendelea kufa siku baada ya siku. Mbega aliyekula majani vizuri Jumatatu anaweza kuwa na vidole vyeusi Alhamisi. Daktari hana budi kuamua: akate mkono, asubiri, au amchome sindano ya mwisho. Mbega huishi kwa kuruka. Dole gumba lake ni kama halipo, kwa hiyo hulishika tawi kwa vidole vinne vilivyopinda kama ndoana. Akipoteza mkono amepoteza nusu ya safari zake.

Halafu kuna tumbo. Mbega hula majani, na tumbo lake lina vyumba na vijidudu vya kuyachachusha, karibu na lilivyo la ng'ombe. Ndizi na maembe, vitu ambavyo kila mtu angempa tumbili, vyaweza kumdhuru vibaya. Anayemtunza lazima akate matawi mabichi ya miti inayofaa, leo na kesho na keshokutwa. Kichanga cha mbega, kinachozaliwa cheupe pe, hakileleki kirahisi mikononi mwa watu. Vingi hufa hata pale vinapotunzwa kwa bidii. Mama akifa kwenye nyaya na mtoto akakutwa bado amemng'ang'ania, dawa iliyo bora kuliko chupa ni kumrudisha kwa kundi lake upesi, kama kuna jike atakayempokea. Mara nyingi hayupo.

Kazi yote hiyo hufanyika kwa ajili ya mnyama mmoja. Swali ambalo wataalamu wa uhifadhi wamelibishania kwa miaka mingi huanzia hapa: je, inafaa? Fedha za uhifadhi ni chache. Hela inayolipia dawa za mbega mmoja ingeweza kununua miche, au kumlipa askari wa msitu. Jamii ya wanyama haipotei kwa sababu mmoja wao amevunjika mguu. Hupotea msitu unapokatwa. Hoja hii ina nguvu, na wanaoitoa si watu wasio na huruma. Wengi wao wamezeeka porini.

Ushahidi wenyewe una pande mbili. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti kuhusu ndege wa bahari wa Amerika Kaskazini waliochafuliwa na mafuta ya meli, wakaoshwa na kuachiwa. Gilemoti, ndege mmojawapo, alitarajiwa kuishi kwa wastani siku zisizofika 10 baada ya kuachiwa, ilhali wenzake ambao hawakuguswa na mafuta waliishi mamia ya siku. Watu walikuwa wamekesha wakisugua manyoya, wakapiga makofi ndege walipopaa, na ndege wakaenda kufia mbali na macho yao. Ni habari ya kuvunja moyo, na kila anayefungua kituo cha uokoaji anapaswa kuijua kabla hajanunua kizimba cha kwanza.

Upande wa pili uko Cape Town. Mfereji wa Suez ulipofungwa kwa vita vya 1967, meli za mafuta zililazimika kuzunguka ncha ya kusini ya Afrika, na pengwini wa huko wakaanza kufika ufukweni weusi kwa mafuta mazito. Mwaka 1968, baada ya ajali ya meli ya Esso Essen, mwanamke mmoja, Althea Westphal, aliwachukua ndege hao nyumbani kwake akaanza kuwaosha. Humo ndani ya nyumba ndimo lilimozaliwa shirika la SANCCOB. Miaka zaidi ya 30 ya kukosea na kujifunza ilipita: sabuni ipi inaondoa mafuta bila kuchoma ngozi, ndege apewe nguvu kwanza kabla ya kuoshwa, asiachiwe mpaka manyoya yake yasipitishe maji tena, maana pengwini aliye safi lakini anayelowa atakufa kwa baridi baharini.

Mtihani ukaja Juni 2000. Meli iliyoitwa Treasure ilizama kati ya visiwa vya Robben na Dassen, makao makubwa ya pengwini hao, tena katika msimu wa kuzaliana. Pengwini wapatao 19,000 walikusanywa wakiwa wametapakaa mafuta. Wengine zaidi ya 19,000 waliokuwa bado safi waliondolewa visiwani na kusafirishwa kwa malori hadi Port Elizabeth, wakaachiwa baharini huko ili safari ya kuogelea kurudi nyumbani iwape watu muda wa kusafisha maji. Watatu walifungwa vyombo vya setilaiti, wakapewa majina ya Peter, Pamela na Percy, na nchi nzima ikafuatilia safari yao magazetini. Wa kwanza kufika walichukua kama siku 11. Huku nyuma, maelfu ya watu wa kujitolea, walimu, wanafunzi, watu waliochukua likizo kazini, walisimama katika ghala wakiwa wamevaa glavu nene, kwa sababu pengwini hashukuru: anauma, na mdomo wake hukata kama kisu. Zaidi ya asilimia 90 ya ndege waliotibiwa waliachiwa wakiwa wazima. Kufuatilia pete zilizofungwa kwenye mabawa kulionyesha kwamba wengi wao waliishi, wakapata wenza na kulea vifaranga.

Tofauti kati ya gilemoti na pengwini inafundisha mengi kuliko mabishano ya jumla kuhusu huruma na sayansi. Pengwini ni ndege imara, anavumilia kushikwa, anarudi kisiwa kile kile kila mwaka, na waliomwosha walikuwa na mazoea ya miongo mitatu. Uokoaji hufaa au haufai kwa kutegemea mnyama ni yupi, ameumia vipi, na nani anayemshika. Kituo kidogo kinachopokea kila kitu, kuanzia kobe hadi tai, kwa mikono ile ile miwili, kimejipa kazi isiyobebeka.

Zipo jamii za wanyama ambazo mmoja wao ni mzigo wa mtu mzima wa siku nzima. Kakakuona aliyenyang'anywa walanguzi hawezi kulishwa bakuli la chakula kizimbani. Hula sisimizi na mchwa anaowachimbua mwenyewe. Zimbabwe, Tikki Hywood Foundation, iliyoanzishwa 1994, humpa kila kakakuona mlinzi wake, anayetembea naye porini kwa saa nyingi huku mnyama akinusa, akichimba na kula kwa wakati wake. Ndovu yatima naye alikuwa kitendawili. Daphne Sheldrick alihangaika miaka mingi Tsavo kabla ya kupata maziwa ambayo ndama mchanga wa ndovu angeyaweza, na siri ilikuwa katika mafuta ya nazi. Ndama aliyeitwa Aisha alinawiri kwa maziwa hayo mwaka 1974, mpaka Daphne alipoondoka siku chache kwenda harusini kwa binti yake. Aisha aliacha kula, akafa. Alikuwa amempenda mtu mmoja peke yake. Tangu hapo watunzaji hulala na ndama kwa zamu, kila usiku mtunzaji mwingine, ili upendo wa mtoto ugawanyike na asife kwa ukiwa. Shirika alilolianzisha 1977 kwa kumbukumbu ya mumewe, David, limekuwa kubwa mno kuitwa dogo, na limelea yatima zaidi ya 300. Baadhi ya majike waliolelewa hapo wamezaa porini, wakawarudia watunzaji wao wakiwa na watoto wao ubavuni.

Sokwe ni mzigo mzito zaidi, maana huweza kuishi zaidi ya miaka 50. Anayempokea sokwe yatima leo anaahidi kwa niaba ya watu ambao hawajazaliwa. Lwiro, karibu na Bukavu nchini Kongo, na kisiwa cha Ngamba katika Ziwa Viktoria upande wa Uganda, kilichopokea sokwe wake wa kwanza mwaka 1998, ni makimbilio ambayo wengi wa wakazi wake hawatayaaga. Msitu wa kuwarudisha ni mdogo, na waliowaua mama zao bado wana bunduki. Lubumbashi, Septemba 2022, watu waliingia usiku katika hifadhi ya JACK, wakaiba sokwe wadogo watatu na kudai fidia kama wanavyodai watekaji wa watu. Wenye hifadhi walikataa kulipa. Ilikuwa adhabu kwao, lakini pesa ile ingewawekea bei yatima wote wa vituo vyote.

Turudi Diani, kwa sababu huko kuna jibu la swali la kufaa ambalo hesabu ya wanyama waliopona haiwezi kulitoa. Kwa kila mbega aliyeokotwa, hai au maiti, watu wa shirika waliandika: siku gani, nguzo ipi, waya upi, mti upi karibu. Karatasi hizo zilirundikana mwaka hadi mwaka. Baada ya muda zilionyesha jambo ambalo jicho la mpita njia halikuliona: ajali hazikutapakaa ovyo. Zilirudi mahali pale pale, na kati ya nyani, kima, tumbili na mbega, walioathirika zaidi walikuwa mbega. Kwa hiyo kazi ikawa na anwani. Matawi yanayogusa nyaya hukatwa. Mahali pabaya zaidi, kampuni ya umeme huombwa kufunika nyaya kwa mpira. Juu ya barabara yakatundikwa madaraja ya kamba za chuma na vipande vya mpira, kama ngazi iliyolazwa hewani, na mbega wakajifunza kuyapita.

Hapo ndipo kituo kidogo cha kujitolea kinapofanya kazi ambayo ofisi kubwa haiwezi. Majeruhi ni shahidi. Anaeleza kilichomjeruhi, mahali na saa, na anayemtibu ndiye wa kwanza kusikia. Tumbusi anayetapika na kutetemeka, kucha zimekunjika, anasema kuna mzoga uliotiwa sumu mahali fulani, mara nyingi dawa ya wadudu kama Furadani iliyokusudiwa simba au fisi aliyekula ng'ombe. Akipatikana mapema anaweza kuokolewa kwa kumsafisha koromeo na kumpa dawa ya kupinga sumu. Lakini simu iliyomleta ina thamani kubwa kuliko yeye: watu wakiwahi kuuteketeza mzoga, makumi ya tumbusi ambao wangeshuka mchana huo watabaki angani.

Watamu, kwenye pwani ya Kenya, wamelifanya jambo hili la kupiga simu kuwa desturi. Kikundi kilichoanza 1997 kulinda viota vya kasa, ambacho leo ni Local Ocean Conservation, kilifikia makubaliano na wavuvi: kasa akinasa wavuni kwa bahati mbaya, mvuvi asimchinje wala asimtupe, apige simu. Watu hufika, humpima kasa ganda, humtazama macho na shingo, humfunga kibati cha namba, humwachia katika hifadhi ya bahari. Mvuvi hupewa fedha kidogo kwa muda wake na usumbufu wake. Wapo waliohofu kwamba malipo yangewafanya watu wawinde kasa ili wapige simu na kulipwa. Ndiyo maana kiasi hicho ni kidogo, hakishindani na nyama wala mafuta ya kasa sokoni. Zaidi ya kasa 20,000 wamepita katika mikono hiyo. Wengi hawana jeraha lolote. Wale walio nalo hupelekwa kituoni.

Mgonjwa mmoja wa kawaida huko ni kasa anayeelea. Amemeza plastiki, utumbo umejaa gesi, na sasa hawezi kuzama. Anaogelea kwa kasia zake zote nne na mgongo bado uko juu ya maji, juani, akipigwa na mashua, akikauka. Vijikombe vya baharini vimeota gandani mpaka shingoni. Matibabu huanza kwa kumweka kasa katika maji baridi yasiyo na chumvi, na vijikombe hufa na kubanduka vyenyewe. Kisha dawa za tumbo, chakula chenye mafuta, na kungoja. Kungoja kwenyewe kwaweza kuchukua wiki nyingi. Kila asubuhi mhudumu huchungulia tangi akitafuta kitu kimoja: kasa amelala chini, sakafuni, kama kasa anavyopaswa kulala. Siku hiyo ikifika, choo chake hukusanywa, na vipande vya mifuko na kamba vilivyomo huoshwa, huhesabiwa na kuwekwa katika chupa. Chupa hizo hupelekwa shuleni.

Kuaminiana kwa namna hiyo kati ya wavuvi na kituo hakununuliki haraka. Wapo wanaosema kasa ni kitoweo cha mababu, na ni kweli. Ila Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watu tisa walikufa baada ya kula nyama ya kasa, wanane kati yao watoto, na makumi walilazwa. Sumu inayoweza kuwamo katika nyama hiyo haiondoki kwa kupikwa. Askari wa doria akilisema hilo, mwanakijiji husikia amri. Mtu ambaye miaka kumi amekuja ufukweni usiku na mvua kila alipoitwa, akilisema, husikika kama jirani.

Wema nao una hatari zake. Sehemu ya vichanga wanaofikishwa vituoni hawakuwa yatima hata kidogo. Mtoto wa swala huachwa kichakani peke yake mchana kutwa kwa sababu huo ndio ulinzi wake. Mama yuko jirani, anangoja watu waondoke. Kinda la bundi lililoanguka chini mara nyingi hupanda lenyewe tena, iwapo halijapigwa mawe na wanaoamini kwamba bundi akilia juu ya paa kuna msiba. Mnyama aliyezoea watu naye haachiliki. Tumbili aliyelelewa sebuleni atarudi kijijini kutafuta mkate, atauma mtoto, atapigwa risasi, na aliyemlea kwa mapenzi ndiye aliyemwekea njia. Pana pia biashara inayovaa kanzu ya huruma: mahali ambapo mtalii hulipa ili abebe mtoto wa simba au apige picha na nyani aliyefungwa mnyororo. Kipimo ni chepesi. Kituo cha kweli hujitahidi mnyama asimpende mgeni, na furaha yake ni kizimba kitupu.

Sheria zinawatatiza walio wema. Nchini Kenya, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 hairuhusu mtu kumfuga mnyamapori bila leseni, na shirika la kuokoa hufanya kazi chini ya kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Tanzania ni vivyo hivyo, na hata zaidi: mnyama na kila kiungo chake ni nyara za Serikali, na makosa ya nyara huweza kushitakiwa kama uhujumu uchumi, pasipo dhamana rahisi. Sheria hizo zimewabana majangili, na zilihitajika. Lakini mkulima aliyemkuta kakakuona mwenye jeraha shambani anajua vilevile kwamba akikutwa njiani naye kapuni, maelezo yake yatasikilizwa kituo cha polisi. Wengi huamua kutoona kitu. Namba ya simu inayojulikana na kila mtu kijijini, na ahadi ya maandishi kwamba anayepiga hatasumbuliwa, ingeokoa wanyama wengi kuliko kizimba kipya. Hilo linawezekana bila kufuta hata kifungu kimoja.

Na neno lenyewe, kujitolea, linastahili kutazamwa. Vituo vingi vya Afrika Mashariki huendeshwa kwa ada za vijana kutoka Ulaya na Marekani wanaolipa ili wafanye kazi kwa wiki kadhaa. Fedha yao imejenga matangi na kununua dawa, na baadhi yao wamejifunza kazi kwa dhati. Hata hivyo, kijana wa Kwale au Kilifi hawezi kufanya kazi bure mwaka mzima, nyumbani anasubiriwa. Janga la Uviko lilipofunga viwanja vya ndege mwaka 2020, wageni walitoweka, na wanyama hawakuacha kuumia. Waliobaki kukata majani na kuosha matangi walikuwa wafanyakazi wa hapo hapo. Shirika linalowalipa hao kwanza, kwa mshahara wa kueleweka na mafunzo ya udaktari wa mifugo, hujenga kitu kitakachokuwepo simu ikilia saa nane za usiku mwezi wa Mei, msimu ambao hoteli hufungwa.

Cape Town wameifuata njia ya shahidi mpaka mwisho wake. Baada ya Treasure, pengwini walizidi kupungua ingawa mafuta yalikuwa machache. Vifaranga walioletwa SANCCOB hawakuwa weusi kwa mafuta. Walikuwa wamekonda, wazazi wamewaacha kwa kukosa samaki. Oktoba 2024 pengwini huyo aliingizwa katika orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka, jozi zinazozaliana zikiwa hazifiki 10,000. Miezi kadhaa kabla, Machi, shirika lililoanzia nyumbani kwa Althea Westphal, likiwa pamoja na BirdLife South Africa, lilikuwa limemshitaki waziri kwa kushindwa kuwalinda. Machi 2025 Mahakama Kuu ya Pretoria iliyapa nguvu ya amri makubaliano ya pande zote: meli za kuvua dagaa kibiashara zisiyakaribie makao sita ya pengwini, Robben na Dassen yakiwamo. Pale kituoni, siku hiyo kama siku nyingine, vifaranga walipewa samaki mmoja mmoja, kwa glavu.